Mama, Ulikata Kila Kilichooza Isipokuwa Mguu Wako

Mama yangu,

Shikamoo. Salamu natoa kwa kuwa ndivyo ulivyonilea, moyo wenyewe haujatulia. Nina hasira na wewe. Ninayo tangu tukuzike kiangazi cha mwaka jana na sijamwambia mtu, maana nani anamkasirikia marehemu? Watu wanasema Mungu amlaze pema, nami naitikia amin huku nimeuma meno. Leo nimechoka kuuma meno. Nasema, tena nasemea hapa hapa kwenye kundi la maua uliloanzisha wewe kwenye simu, mbele ya wanawake wote wa mtaa wetu wa Cheyo waliokuita daktari. Wasome.

Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, ule ninaokanyagia cherehani, kimeoza. Sukari imenipata na mimi, kama ilivyokupata wewe. Daktari amesema kikatwe Jumatatu, kabla uozo haujapanda mguuni. Leo ni Jumamosi. Na tangu asubuhi Mama mdogo Zuhura, mdogo wako wa tumbo moja, amekaa sebuleni kwangu hajavua hata baibui, ananikataza.

"Dada alikataa," ananiambia. "Dada alikufa na miguu yake miwili. Tukamwosha mzima, tukamzika mzima. Wewe una nini cha kumzidi mama yako?"

Mjomba naye kapiga simu kutoka Bukene, maneno ni yale yale, nadhani walipangana. Yaani umekuwa sheria, Mama. Hukuwa sheria ulipokuwa hai. Ukisema chakula kiko tayari walikuwa wanakuja saa nzima baadaye. Umekufa, ndipo wanakutii. Na katika yote uliyowahi kusema duniani, wameokota lile moja la kipumbavu. Nisamehe neno hilo, lakini silifuti.

Hebu tukumbushane ulivyokuwa, maana wanaonikataza hawakukuona ukiwa na kisu mkononi.

Ua lako la kwanza la majani manene alikupa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, siku tulipokwenda kununua bitana. Kipande cha shina tu, kimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa darasa la nne. Ulikipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kwa kuwa ulikulia Urambo kwenye vitalu vya tumbaku, ukakimwagilia kama mche wa tumbaku: asubuhi kikombe, jioni kikombe, na kivuli cha nyasi juu. Wiki ya pili majani yakawa yanang'aa kama kitunguu kilichochemshwa. Wewe ukadhani lina kiu, ukaongeza kikombe cha mchana. Lilipoanguka ulilichimbua, ukainua mizizi mpaka puani, ukanusa.

"Maji," ulisema. "Nimeliua kwa huruma."

Ukarudi mjini siku ile ile kumwomba yule mama kipande kingine, bila haya. Hicho cha pili ndicho kilichojaza ukumbi wetu. Ulipasha msumari kwenye jiko la mkaa ukatoboa kila kopo matundu matano chini, ukinifokea nisisogeze vidole. Udongo mweusi wa bustani ukautupa. Ukachanganya mchanga wa mtoni, changarawe, na vipande vya mkaa uliovunja kwa mchi, mpaka ukimwaga maji juu yanatoka chini kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kabla ya kumwagilia ulichomeka njiti ya mshikaki mpaka chini ya kopo. Ikitoka na udongo umeganda, yaani bado mna unyevu, uliondoka zako. Kiangazi ulimwagilia mara moja kwa wiki, masika ulikuwa hugusi kabisa, ukayavuta makopo chini ya upenu mvua isiyapate.

Kila asubuhi ulipita ukiyaamkia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", kama watu wazima wenzio, nami nikikusikia kitandani nilikuwa nacheka ndani ya shuka. Ningetoa nini niisikie tena, hata kesho tu.

Na watu wakaanza kuja. Mmoja ua lake limerefuka limekuwa shingo tupu, majani mbali mbali. "Hilo halikui, linatafuta dirisha," ukamwambia. "Lisogeze kwenye mwanga, tena taratibu." Akatoka akaliweka juani saa sita mchana siku hiyo hiyo, kesho yake akarudi analia na majani yenye madoa ya kahawia. Ulimgombeza! "Mtu aliyelala ndani miezi sita unamtoa nje mara moja? Ungekuwa wewe?" Mwingine alikuja na wadudu weupe kama pamba, wamejificha kwenye makwapa ya majani. Ulimpa kijiti chenye pamba na spiriti kidogo, ukamkalisha kwenye mkeka awafute mmoja mmoja, na hukumruhusu kuondoka mpaka umekagua. Mwingine majani yamesinyaa, amekata tamaa, amekuja kuomba mbegu nyingine. Ukayapapasa ukacheka: "Hili lina kiu tu, dada yangu. Ulisikia maji mabaya ukalinyima kabisa?"

Lakini uozo hukuuchekea. Unaikumbuka siku ya Mama Kevini? Wanaosoma hapa wanamjua, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, watu wa Ulyankulu. Alikuja amelikumbatia ua lake ndani ya bakuli zuri la bati lenye maua mekundu. Zuri, lakini halina tundu hata moja. Ulilibonyeza shina kwa kidole gumba, kikazama.

"Tatu, kisu," uliniita. "Na kipitishe kwenye moto."

"Mama Tatu, subiri kwanza," Mama Kevini akasema, "labda likikauka litajirudi."

"Likikauka? Hili linaoza tangu lini?"

"Kama wiki."

"Basi umeshasubiri wiki. Kaa chini."

Ukakata. Ukatazama pale ulipokata, ukaona duara la kahawia katikati, ukakata tena juu zaidi. Bado kahawia. Ukakata tena. Mama Kevini amefunika uso kwa khanga, anasema Yesu na Maria. Likabaki pande la urefu wa kiganja tu, mkato wake mweupe, safi. Ukaliweka kivulini siku tano kidonda kikauke, ndipo ukalipanda kwenye mchanga mkavu. Leo hii lile ua limefika dirishani kwake, na kila nikipita ananiambia, "Mkono wa mama yako huu." Mimi natabasamu. Lakini hasira inanirudia upya.

Kwa sababu ulijua, Mama. Hakuna aliyejua kuliko wewe. Ulijua kwamba ukiacha doa dogo kwa kuonea huruma shina, kesho huna shina. Ulisema kwa mdomo wako, mara mia, mbele yangu. Halafu mguu wako ukaufunga kwenye soksi!

Tuanze na asali, maana ndipo upumbavu ulipoanzia, wako na wangu. Ulipoambiwa una sukari, ulifanyaje? Ulitoa kopo la sukari jikoni ukamgawia Mama Kevini. Nikakusifu. Kumbe umehamia kwenye asali! Vijiko vitatu kwenye chai, viwili kwenye uji. Nikauliza, ukanijibu umekunja uso: "Hii ya nyuki, ya msituni Sikonge. Ya dukani ndiyo ugonjwa. Asali ni dawa." Nami nikanyamaza, tena nikawa nakuletea mwenyewe, kila dumu likiisha. Nani Tabora atakubali kwamba asali inaua? Tumelelewa nayo. Mtoto akikohoa asali, ukiungua asali. Kliniki walisema usitumie kitu kitamu, sisi tukasikia sukari.

Kidonda kilipotoka chini ya unyayo, ukakipaka asali hiyo hiyo, na juu yake ute wa alovera uliyoikata kwenye kopo lako. Ukavaa soksi. Mama, katika joto la Oktoba, soksi! Nikakuuliza, ukasema miguu inapata baridi. Ukaanza kufukiza udi mchana kutwa. Nikadhani ni ibada, nikajisifia kwa Mama mdogo kwamba siku hizi nyumba ya mama inanukia. Mjinga mimi.

Siku niliyogundua ulikuwa umekaa barazani unachambua mchele. Soksi ulikuwa umeifua, mguu umeuficha chini ya khanga, kisigino kimechungulia. Na juu ya kisigino wamejaa nzi. Wewe wala huwafukuzi. Wewe uliyekuwa ukimsikia nzi mmoja jikoni unaacha ugali motoni umkimbize! Unachambua mchele na unaimba, na nzi wako kwenye nyama yako, huna habari. Nilipiga ukelele. Ukanitazama kana kwamba mimi ndiye nimekosa adabu.

"Ni kidonda kidogo. Kinajirudi."

Neno la Mama Kevini hilo, ulilomkatalia!

Nilikupakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Daktari hakuzunguka. Akasema ni kidonda ndugu, kimeshapanda, mguu ukatwe chini ya goti, na ukikatwa wiki ile utaishi. Akaeleza kila kitu polepole, mpaka gongo utakalotembelea. Ukamsikiliza, ukafunga khanga yako vizuri, ukasema, "Asante, baba. Mimi sizikwi vipande."

Yule daktari akanigeukia. "Na wewe binti yake, unasemaje?"

Sikia nilichosema, Mama, maana hasira yangu nusu yake iko hapa. Nilisema, "Mguu ni wake. Yeye ndiye mwenye kuamua." Nikaona nimekuheshimu. Nilisema kwa upole, kama mtoto mwema. Nikakurudisha nyumbani na miguu yako miwili, na mwezi haukuisha tukakuzika. Ningekulilia pale sakafuni ungekubali. Ningekushika miguu yote miwili nikakataa kuinuka, ungekubali. Ulikuwa huwezi kuniona nalia. Sikulia. Nililia baadaye, wakati haikusaidia mtu.

Na msiba nao ukaja na mambo yake. Wanawake walijaa, Mungu awabariki, wakachukua nyumba yote. Huyu anaosha vyombo, huyu anafagia, huyu anapika. Na kila aliyepita ukumbini aliona makopo yako makavu juu, kwa kuwa ilikuwa kiangazi, ingawa njiti ilikuwa bado inatoka na udongo, akajisemea maskini, maua ya marehemu yamesahaulika. Akachota kikombe akamwagilia. Anayemfuata naye kikombe. Siku saba! Nilipoinua kichwa baada ya khitma, ukumbi mzima unanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Siwalaumu. Kila mmoja alimwagilia mara moja tu.

Nikapasha kisu. Nikakata kama ulivyonifundisha, nikaokoa makopo kumi na moja. Lakini lile waridi lako la jangwani, lile lenye shina nene kama tumbo la mtungi, ulilolilea tangu nikiwa mwali, lile sikuweza. Nilibonyeza shina, kidole kikazama upande mmoja. Nikakaa nalo sakafuni na kisu. Nikaona ni kama nakukata wewe. Nikasema nitakata kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Siku ya nne lilikuwa limejilaza lenyewe kwenye kopo, ndani maji matupu, hakuna hata pa kuanzia. Nililitupa kwenye shimo la taka, nikajifungia chooni nikakutukana. Ndiyo, nilikutukana. Ulistahili na sikutubu.

Ungedhani basi nimejifunza. Wapi!

Mvua zilipoanza nilikuwa navuta makopo upenuni, kopo la rangi likaniponyoka likaniangukia kidole gumba cha mguu. Sikusikia kitu. Nikaendelea kuvuta, mpaka nikaona alama za damu zinanifuata sakafuni kama mtu mwingine ndiye aliyepita. Nilijua ile ni nini. Nilijua pale pale, nimesimama na kopo mkononi, nilijua. Na unajua nilifanya nini? Nilikwenda kabatini nikatoa asali. Nikavaa soksi.

Wiki tatu, Mama! Nakanyaga cherehani na soksi, wateja wanauliza, nasema baridi. Nilisikia maneno yako yakitoka mdomoni mwangu na sikuweza kuyazuia. Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa. Ulinifundisha mambo mawili, kukata na kuficha, na siku ilipofika mkono wangu ukaenda kwenye la pili.

Aliyenitoa huko ni mjukuu wako. Rukia ana miaka kumi na mmoja sasa, tunalala chumba kimoja tangu niachike. Asubuhi moja anavaa sare za shule akasimama, akavuta pumzi, akatazama chini ya kitanda, kisha akaniuliza bila ubaya wowote, "Mama, kuna panya amekufa humu ndani?"

Nikavua soksi mbele yake. Hakukimbia. Alikiangalia kidole, akakiinamia, halafu akanyoosha shingo akaniambia, "Bibi angekikata hiki." Hajui, Mama. Hatukumwambia ulivyokataa. Yeye anakukumbuka na kisu tu.

Siku ile ile tulikwenda hospitali wote wawili, naye na sare zake. Daktari akanichoma na kitu chenye ncha, huku amenifumbisha macho. "Unasikia?" Sisikii. Akapanda juu kidogo. "Hapa?" Sisikii. Akapanda tena, nikaruka. "Vizuri," akasema. "Hapa pako hai. Tukiwahi, tunachukua kidole peke yake."

Sasa nakurudisha sebuleni kwangu, leo, na Mama mdogo na baibui lake. Amelia, amenishika mikono, ameniambia anaogopa. Hapo nilimwelewa kidogo. Akasema amekwisha kuzika dada, hataki kuzika na mtoto wa dada akiwa hajakamilika. Nikamwambia, "Mama mdogo, samahani sana, wewe ni mkubwa wangu. Lakini mimi sikuombi ruhusa ya kuzikwa."

"Mama yako alikuwa na msimamo."

"Alikuwa na woga!" Nilipaza sauti, na Rukia alisikia, na sikujali. "Mama aliogopa, Mama mdogo. Aliogopa kisu, aliogopa gongo, aliogopa watu wa Cheyo wamwone anachechemea. Na mimi niliogopa kumwambia anaogopa. Nyote mnauita huo msimamo kwa sababu mwenyewe hayupo wa kuulizwa."

Akavua baibui, akaenda jikoni, na sasa namsikia anakatakata vitunguu kwa nguvu kama vimemkosea. Hajasema amekubali. Amesema tu Jumatatu atalala hapa na mtoto.

Fomu ya upasuaji nimeshasaini, Mama. Nilisaini jana, kabla Mama mdogo hajaja. Mara ya kwanza jina langu halikusomeka, daktari akanipa fomu nyingine, nikasaini tena.

Wenye maua kwenye kundi hili, watakaoniuliza Jumatatu majani yao yana nini, wanivumilie mpaka nirudi. Na mwenye soksi anazozivaa na joto hili, aje kwangu leo, tutakwenda pamoja.

Sijakusamehe. Nimejaribu kwenye sala, nikakunja msala kabla sijamaliza. Labda ipo siku. Lakini sitaki udhani nakukasirikia kwa sababu sikupendi. Nilikuwa tayari kukuona na mguu mmoja. Ningekubeba mgongoni mpaka sokoni. Ungekuwa hapa sasa hivi, umekaa kwenye kiti, gongo limeegemea ukuta, unanigombeza kwa nini nilichelewa wiki tatu nzima, nami ningenyamaza nikusikilize mpaka uchoke.

Mwanao uliyemwacha mapema,

Tatu